Sahani ya Kichuguu

Kibanda changu cha chakula kiko Busia, upande wa Kenya, pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Uganda. Mchana ule nilikuwa nakoroga ugali wa wimbi, mkono mmoja kwenye mwiko, mwingine umeshika simu na kuibana sikioni. Aliyepiga alikuwa shangazi, dada yake marehemu baba, kutoka Iyolwa, kwetu, upande wa Uganda.

"Baba yako mkubwa amefunga mbuzi kwenye kichuguu chenu," alisema.

Nilisikia kuku wake wakilia nyuma yake. Ugali ulianza kushika chini ya sufuria na dereva mmoja aliyekuwa kwenye benchi akauliza kama leo tunauza majivu.

Kwa mtu asiyetoka kwetu, kichuguu ni rundo la udongo lenye mchwa. Kwetu kila kichuguu kinachotoa kumbikumbi kina mwenyewe, na huyo mwenyewe anajulikana kwa jambo moja tu: ndiye anayetega hapo mvua zikianza. Ardhi iliyozunguka inamfuata. Hakuna karatasi kati yetu na baba mkubwa. Marehemu baba na kaka yake waligawana shamba la babu kwa kunyoosha vidole, na kichuguu kile kikubwa kilikuwa upande wetu.

Baba alitangulia, mama akafuata, wote kwa maradhi. Mimi ni mkubwa. Nilikuwa bado sekondari, nikaacha, nikaja Busia na wadogo zangu watatu, msichana mmoja na wavulana wawili, kwa sababu Busia mtu anayejua kupika halali njaa. Misimu ikapita bila mtu wa nyumba yetu kutega. Mwanzoni baba mkubwa alitega "ili wasipotee bure." Hilo sikulikataa. Baadaye nikasikia kuna mstari wa katani wa kuonyesha mpaka umepandwa ndani ya upande wetu. Sasa mbuzi. Baada ya mbuzi huja jembe, na jembe likishapita, wadogo zangu wa kiume hawatakuwa na mahali pa kusimamisha hata choo.

"Mvua haijanyesha bado," shangazi aliongeza. "Ikinyesha kabla hujaja, usijisumbue tena."

Nilizima moto. Niliwaacha wavulana kwa jirani yetu anayeuza samaki, nikamchukua mdogo wangu wa kike, ambaye ndiye anayenifuata na ndiye tunayepika naye kibandani, tukavuka mpaka na kuelekea Tororo, kisha bodaboda hadi nyumbani. Njia nzima aliangalia juu. Mawingu yalikuwa yanakusanyika na kutawanyika, yanakusanyika na kutawanyika.

Baba mkubwa tulimkuta ameketi mbele ya nyumba yake anachonga mpini. Tulipiga magoti, tukamsalimu. Alitushika mikono vizuri, akaulizia wadogo zetu, akaulizia bei ya sukari upande ule. Si mtu mbaya. Alibeba jeneza la baba yangu begani na hakukubali kupokewa mpaka kaburini. Hilo ndilo lililofanya jambo lenyewe liwe gumu.

"Mzee wa hoteli," aliniambia hatimaye, "umekuja kutembea?"

"Nimekuja kutega, baba."

Hakuinua macho. "Kutega ni jambo dogo. Hata sisi tutatega. Na sahani?"

Nilijua angeuliza. Kwetu mavuno ya kwanza ya kichuguu hayaliwi na mwenyewe. Yanapikwa kwenye jiko la nyumba yenye kichuguu, yanawekwa kwenye sahani pamoja na ugali wa wimbi, na kupelekwa kwa mkubwa wa ukoo mbele ya watu. Akila, amekubali kwamba kichuguu ni cha nyumba iliyompikia, na maneno yanaishia hapo. Baba yangu alimpelekea kaka yake, ambaye ndiye mkubwa huyo, sahani hiyo kila mwaka, mama akiwa ameipika. Baba mkubwa alikula kila mwaka.

"Sahani nitaleta," nilisema.

"Nani ataipika? Huyu binti ni wa kuolewa, kesho atakuwa wa nyumba nyingine. Wewe huna mke. Jiko la mama yenu limeanguka."

"Nitapika mimi."

Akacheka, kicheko cha kweli, mpaka akaweka kisu chini. "Mimi sipikiwi na mwanaume," alisema, akaendelea kuchonga mpini wake.

Usiku ule tulilala kwa shangazi, na alfajiri mvua ikanyesha. Si mvua kubwa, lakini ilitosha: udongo ulinuka, na jua lilipotoka lilikuwa kali. Hiyo ndiyo hali wanayoitaka kumbikumbi wa kichuguu chetu. Wako wanaoruka usiku kufuata taa. Wa kwetu hutoka alasiri, na husaidiwa kutoka kwa kugongewa miti, ili wadhani mvua inapiga juu.

Tulipofika kichuguuni, binamu yangu, mtoto wa kwanza wa baba mkubwa, alikuwa amekwisha kufika na mke wake. Siku nyingine huyu ni mwendesha bodaboda mjini Tororo. Alikuwa amehamisha mbuzi, amechimba shimo upande wa mashariki, amelizungushia majani ya mgomba na kujenga kibanda kidogo cha matawi kilichofunikwa kwa blanketi.

"Kaka," aliniita, "hawa si chapati. Hawaji kwa kuambiwa karibu mteja."

"Wewe gonga," mdogo wangu alimjibu. "Mdomo hauwatoi."

Mke wa binamu alicheka kabla ya kukumbuka yuko upande gani.

Tulizunguka upande wa magharibi. Nilikumbuka baba alikuwa anatega hapo, kwa sababu kumbikumbi akitoka gizani hufuata mwanga, na alasiri mwanga uko upande huo. Nilichimba na jembe la shangazi. Tulikata matawi, tukayapinda, tukafunika kwa magunia na kanga mbili, tukaacha uwazi upande wa chini tu, penye shimo. Kisha tukalaza kipande cha mbao, tukachukua vijiti, tukaanza kugonga.

Kugonga kwa saa nzima si mchezo. Lazima pigo liwe jepesi, la haraka, bila kukatika, kama manyunyu kwenye bati. Ukikatika, wanasikia. Upande wa pili nao waligonga. Kwa muda pande mbili ziligombana, sisi haraka, wao polepole, halafu bila mtu kupanga tukajikuta tunagonga pamoja, kwa sababu sikio halipendi fujo. Tuliendelea hivyo, tukiwa maadui wanaogonga kwa pigo moja.

Watu wakaanza kuja. Habari hizi hazihitaji kutangazwa. Majirani walisimama pembeni wakijifanya wanapita kwenda kuteka maji, na shangazi alikuja na kiti chake.

Wa kwanza walitokea upande wa binamu. Nilisikia mke wake akisema kwa sauti ya chini, "Haya, haya, haya." Mdogo wangu aliniangalia. Mikono yake haikuacha kugonga. Kwetu walikuwa wametoka mchwa wenye vichwa vikubwa tu, wale walinzi, wanazunguka kwenye mlango wa tundu na kuuma kila kidole kilichokaribia.

"Wako kwao," mdogo wangu alinong'ona.

"Gonga."

"Kaka, wako kwao."

"Gonga tu."

Jua liliposhuka kidogo na kuingia kwenye uwazi wetu, walinzi walirudi ndani. Palitulia. Halafu nikasikia ule mlio ambao sikuwa nimeusikia tangu nikiwa mtoto, kama karatasi nyingi nyembamba zinasuguana. Walitoka kwa mkupuo, wakatambaa chini ya magunia kuelekea mwanga, wakaanguka shimoni mmoja juu ya mwingine, mbawa zikimetameta. Mdogo wangu aliangua kilio huku akigonga. Sikumwambia anyamaze.

Lakini upande wa pili nao walijaza ndoo. Kichuguu kilikuwa kimegawa sawa, au karibu na sawa, kama mama anayewapakulia watoto wagomvi. Majirani waliondoka wakisema mavuno yamekuwa mazuri. Hakuna aliyesema ya nani. Baba mkubwa, aliyekuwa amesimama mbali na fimbo yake, alisema kabla ya kuondoka, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kesho jioni atakuwa nyumbani.

Shangazi alitaka nikapike jikoni kwake. Nilikataa. Kama sahani ingetoka kwake, baba mkubwa angekuwa na haki ya kuuliza shangazi ana kichuguu gani. Tulikwenda kwenye jiko la mama. Paa lilikuwa chini, ukuta mmoja umeinama, na ndani kumeota majani. Mafiga yalikuwepo bado, matatu, yameegemeana. Mdogo wangu aling'oa majani, mimi nikavuta nyasi za paa nje. Kuni zilikuwa na unyevu na moshi ulituchoma macho, lakini kabla ya giza sufuria ilikuwa jikoni.

Hapo nilikaribia kuharibu kila kitu. Mtu aliyezoea kupikia wateja mikono yake ina akili yake. Sufuria ikipata moto, mkono wangu unatafuta chupa ya mafuta, kisha kitunguu, kisha nyanya. Nilikuwa nimekwisha kufungua chupa niliyokuja nayo kutoka Busia shangazi aliponidaka kifundo cha mkono.

"Unafanya nini?"

"Nakaanga."

"Kumbikumbi ana mafuta yake. Na nyanya hizo rudisha kwenye mfuko. Kaka yangu akiona nyanya, atasema umenunua sokoni. Atasema ni chakula cha malori."

Alikuwa sahihi, na angekuwa na haki ya kusema hivyo. Sokoni Busia kumbikumbi wa kukaangwa wanauzwa kwa kikombe, wametoka kila mahali. Sahani hii ilipaswa kuonyesha wazi imetoka wapi. Nilifunga chupa. Nikawamwaga kumbikumbi kwenye sufuria kavu, moto mdogo, nikageuza kwa mwiko bila kupumzika mpaka wakaanza kutoa mafuta yao na harufu ikapanda, ile harufu ya njugu na siagi. Nikanyunyiza chumvi kwa vidole. Nikaepua kabla hawajawa weusi.

Asubuhi tuliwaanika juu ya mkeka uani kwa shangazi. Lazima wakauke ili mbawa zitoke, na lazima mbawa zitoke kabla ya kutwanga. Hakuna njia ya mkato. Nilikaa kando ya mkeka na fimbo kwa ajili ya kuku, macho yangu yakiwa kwenye mwamba wa Tororo. Ukiona kichwa cha mwamba ule kimefunikwa, una muda wa kukunja nguo na kuziingiza ndani, si zaidi. Kabla ya adhuhuri wingu lilikuja, likakaa juu yake. Tulishika mkeka pembe nne tukaingia nao kwa shangazi. Matone machache yakaanguka, yakaacha. Tukautoa. Wingu likarudi. Tukauingiza tena. Shangazi alituangalia tukipita mlangoni kama watu wanaohama nyumba na kurudi, akasema, "Nyie mtamzalisha mama mjamzito kwa kicheko." Tukacheka, lakini si sana.

Mwishowe walikauka. Mdogo wangu aliwapepeta kwenye ungo, mbawa zikapeperuka uani kote. Hakuzifagia. Nusu nilitwanga kwenye kinu pamoja na ufuta uliokaangwa, mpaka ikawa rojo nzito ya rangi ya udongo. Nikaichanganya na maji ya vuguvugu, nikaibandika tena kwenye mafiga ya mama. Chakula hiki kikichemka kwa nguvu kinajitenga, mafuta juu na machicha chini, na hakirudiani tena. Nilivuta kuni nje mpaka likabaki kaa tu. Nilikoroga upande mmoja bila kubadilisha. Mdogo wangu alisonga ugali wa wimbi uliochanganywa na unga wa muhogo, kama ulivyokuwa wa mama, wenye rangi ya kahawia iliyoiva.

"Onja," nilimwambia.

Alionja kwa ncha ya kidole. Akaonja tena, na hilo lilinitisha. "Ni chenyewe," alisema.

Kwa baba mkubwa walikuwepo watu wengi kuliko nilivyotarajia. Binamu alikuwa ameegesha pikipiki yake chini ya mwembe na kukaa juu yake. Majirani walikuwa wamekuja "kusalimia." Nilibeba sahani kwa mikono miwili, imefunikwa, mdogo wangu nyuma yangu na ugali. Nilipiga goti, nikaiweka juu ya stuli mbele ya baba mkubwa, nikafunua.

Aliitazama. Mvuke ulimpanda usoni.

"Hii imepikwa wapi?"

"Jikoni kwa mama."

"Lile lililoanguka."

"Mafiga hayakuanguka."

"Imepikwa na nani?"

Ningeweza kusema ni mdogo wangu. Alikuwa amesonga ugali na pengine neno hilo lingetuvusha. Lakini watu walikuwa wameniona uani na kinu, na sikutaka kichuguu chetu kisimame juu ya uongo.

"Nimepika mimi, baba."

"Nilikuambia nini juzi?"

"Uliniambia hupikiwi na mwanaume."

"Kwa hiyo umeniletea niifanye nini?"

Nilibaki na goti chini. Binamu aliacha kuchezea funguo. Niliona mafuta yakianza kutulia juu ya rojo na nikajua ikipoa itaganda, na sahani iliyoganda haiwezi kupelekwa mara ya pili. Nilifikiria wavulana wawili nyumbani kwa muuza samaki. Nilisema, "Nyumba ile ina watu wanne. Sisi ndio watu wake. Hakuna mwingine wa kukupikia, na mimi sitaacha kukuletea. Mwakani nitaleta tena, na mwaka mwingine."

"Hata nisipokula?"

"Hata usipokula. Nitaweka hapa na watu wataona."

Shangazi, aliyekuwa kwenye kiti chake kando ya mlango, alijipangusa paji la uso na kanga.

"Kaka," alisema, "ukienda Busia kuuza mahindi unakula wapi?"

Baba mkubwa alisogeza fimbo yake kando.

"Nauliza tu. Kwa sababu nasikia unakula kwa huyu, sahani mbili, na maharagwe ya kuongeza. Huko nani anakupikia? Malaika?"

Mtu mmoja alikohoa kuficha kicheko. Mke wa binamu hakuficha chake. Kisha binamu mwenyewe akaanza, mabega yakimtikisika juu ya pikipiki, na akasema, "Baba, hata mimi nakula huko. Mbona tunasumbuana?"

"Wewe nyamaza," baba yake alisema, lakini pembe za mdomo wake zilikuwa zimekwisha kumsaliti. "Huko ni hoteli. Hapa ni nyumbani."

"Basi ule nyumbani," shangazi alisema.

Baba mkubwa aliweka viganja vyake juu ya magoti. Nilidhani atainuka. Badala yake alinyoosha mikono mbele. Mdogo wangu aliruka, akachukua birika, akamnawisha. Maji yalimwagika kidogo kwenye viatu vya baba mkubwa.

Baba mkubwa alimega tonge, akalifinyanga taratibu, akalitia shimo kwa kidole gumba, akachota. Alitafuna macho yakiwa chini. Alimega la pili. Kwenye la tatu alisema, kwa mtu yeyote au kwa sahani yenyewe, "Ufuta umeukaanga zaidi. Mama yenu alikuwa hauchomi hivi."

"Nitapunguza," nilisema.

"Punguza."

Alikula mpaka akafuta sahani kwa tonge la mwisho. Alinawa. Kisha akamwambia binamu, bila kumwangalia, "Mbuzi uwafunge kule kwenye mihogo. Na ile katani ing'oeni, ninyi wawili, wewe na huyu. Mimi sikumwambia mtu apande katani."

Sote tulijua aliipanda kwa mkono wake mwenyewe. Binamu alisema, "Sawa, baba," akashuka kwenye pikipiki.

"Na wewe," aliniambia, "kichuguu hakitunzwi kwa kuja na kuondoka. Kama ni chenu, palime."

Hilo sikuwa nimelipangia. Kibanda kilikuwa kimefungwa, madereva walikuwa wanakula kwa jirani yangu, na mteja akizoea benchi la mwingine kumrudisha ni kazi. Mdogo wangu aliniangalia, akasubiri niseme. Asubuhi yake alirudi Busia peke yake kufungua kibanda na kuwachukua wavulana kwa muuza samaki. Mimi nilibaki. Binamu alishika jembe upande mmoja wa mstari nami upande wa pili, tukang'oa katani ile yenye miiba mpaka viganja vikavuja damu, yeye akinitukana muda wote kwamba vidole vyangu vimekuwa laini kama chapati. Udongo ulikuwa bado na maji. Shangazi alinipa mbegu za kunde kwenye kopo, nikapanda mistari kuanzia njiani mpaka kwenye mguu wa kichuguu, nikazunguka upande wa pili, nikaendelea.